Akili Hujengwa: Kijitabu kwa Wazazi, Walezi na Walimu

Ripoti za shule zikifika nyumbani, hukumu hutolewa hapo hapo sebuleni. "Huyu kichwa chake kizito." "Huyu kafuata akili za mjomba wake." "Mwenye kichwa ni yule wa tatu, tumsomeshe huyo." Maneno hayo husemwa mtoto mwenyewe akisikia, naye huyaamini. Kijitabu hiki kinaeleza ubongo unavyojengwa, unavyoharibika na unavyojirekebisha. Kimeandikwa kwa ajili ya mzazi, mlezi, mwalimu na mhudumu wa afya ngazi ya jamii, lakini hata mwenye mgonjwa wa kiharusi nyumbani atapata lake.

Tuseme msimamo wetu mapema. Mambo mengi yanayolinda na kukuza akili ya mtoto ni ya bei nafuu na hayana mbwembwe: chumvi, chandarua, maongezi, usingizi. Yale yanayotangazwa kwa mbwembwe kuwa "yanaongeza akili", mengi hayana kazi hiyo.

Mizani ya Nairobi

Mwaka 1934 daktari mmoja wa serikali ya kikoloni mjini Nairobi, F. W. Vint, alichapisha makala ya kitaalamu kuhusu ubongo wa "mwenyeji wa Kenya". Alikuwa amepima ubongo wa maiti, akapata wastani wa gramu 1,276, akaulinganisha na takwimu za Wazungu na kuona kwamba ni mdogo. Mwenzake H. L. Gordon, aliyekuwa akisimamia hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, alizishika hoja za namna hiyo na kuuliza kwa nini Mwafrika apewe elimu ya Kizungu wakati kichwa chake hakiwezi kuibeba. Hayo hayakuwa mazungumzo ya baa. Yalijadiliwa na watu waliokuwa wakiamua shule ngapi zijengwe na zijengwe wapi.

Miaka 21 baadaye Albert Einstein alifariki Princeton, Marekani, na mtaalamu wa patholojia Thomas Harvey akautoa ubongo wake na kuupima. Ulikuwa na gramu 1,230. Kwa mizani ya Vint, Einstein yuko chini ya wastani wa Wakenya wale wale.

Vipimo vya kisasa vinavyopiga picha ya ubongo wa mtu aliye hai vinaonyesha kwamba uhusiano kati ya ukubwa wa ubongo na alama za majaribio ya akili upo, ila ni hafifu. Ubongo wa wanaume kwa wastani ni mzito kuliko wa wanawake kwa karibu sehemu moja ya kumi, na bado hakuna tofauti ya maana katika akili yao ya jumla. Kinachoonekana kubeba uzito zaidi ni jinsi sehemu za ubongo zinavyowasiliana, hasa zile za mbele, nyuma ya paji la uso, na zile za juu kuelekea utosini. Ndiyo maana watafiti wa leo huangalia zaidi mawasiliano hayo kuliko mizani.

Ndani ya fuvu

Ubongo wa mtu mzima una seli za neva zipatazo bilioni 86. Kwa muda mrefu vitabu viliandika bilioni 100, mpaka mwanasayansi wa Brazili, Suzana Herculano-Houzel, na wenzake walipobuni njia ya kuzihesabu na kutoa matokeo yao mwaka 2009. Kila seli hugusana na nyingine kwa maelfu, na hapo zinapogusana ndipo kujifunza kunapofanyika. Mwanasaikolojia wa Kanada, Donald Hebb, alipendekeza mwaka 1949 kwamba seli zinazofanya kazi pamoja mara kwa mara huimarisha uhusiano wao. Mwaka 1973 Tim Bliss na Terje Lømo walilionyesha jambo hilo katika ubongo wa sungura: baada ya kusisimuliwa kwa muda mfupi, mawasiliano kati ya seli yalibaki na nguvu kwa saa nyingi. Uwezo huo wa ubongo kujibadilisha kutokana na yale unayoyafanya na kuyapitia ndio tunaouita unyumbufu.

Mtoto mchanga hutengeneza viungo vya mawasiliano vingi kuliko atakavyovihitaji. Vile vinavyotumika hukomaa, visivyotumika huondolewa, kama mkulima wa Kilimanjaro anavyoupogoa mkahawa ili nguvu iende kwenye matawi yanayozaa. Kazi hiyo haiishi utotoni. Sehemu ya mbele ya ubongo, inayohusika na kupanga na kujizuia, huendelea kukomaa mpaka mtu anapokaribia miaka 25. Mzazi anayeshangaa kwa nini kijana wa miaka 16 anajua hatari ya bodaboda na bado anaipanda bila kofia ngumu, sehemu ya jibu ni hiyo.

Ujenzi huo hula chakula kingi. Ubongo ni takriban 2% ya uzito wa mtu mzima lakini hutumia karibu 20% ya nishati yake. Kwa mtoto wa miaka mitano hivi, ubongo peke yake huchukua zaidi ya 40% ya nishati yote ya siku. Uji wa asubuhi shuleni ni sehemu ya somo.

Milango inayofungwa mapema

Katika miaka ya 1960 David Hubel na Torsten Wiesel walifumba jicho moja la paka wachanga kwa majuma kadhaa. Walipolifungua, jicho lenyewe lilikuwa zima, lakini ubongo haukuwa tena na nafasi yake. Sehemu iliyopaswa kulipokea ilikuwa imechukuliwa na jicho la pili. Paka wazima waliofumbwa jicho vivyo hivyo hawakupata madhara hayo. Kazi hiyo iliwapa Tuzo ya Nobel mwaka 1981, nasi ikatuachia onyo la vitendo. Mtoto mchanga akionekana na weupe kwenye mboni, hata kama umeuona kwenye picha ya simu tu, apelekwe hospitali haraka. Anaweza kuwa na mtoto wa jicho. Ugonjwa huo ukiondolewa mapema ataona vizuri. Ukiachwa "mpaka akue kidogo", upasuaji utafanikiwa na bado ubongo usijue kuona.

Lugha nayo ina majira yake. Mtoto kiziwi anayesubirishwa miaka mitano bila lugha yoyote hupata hasara ambayo shule itahangaika kuiziba. Ubongo wake unachohitaji ni lugha, iwe ya sauti au ya alama, na lugha ya alama inaujenga sawasawa. Tunawasihi wazazi wanaoogopa kwamba alama zitamfanya mtoto awe "mvivu wa kusema" waiache hofu hiyo.

Ushahidi mzito kuhusu malezi umetoka Romania. Kuanzia mwaka 2001 watafiti Charles Nelson, Nathan Fox na Charles Zeanah waliwafuatilia watoto 136 waliokuwa wakilelewa katika taasisi mjini Bucharest. Walikuwa wakilishwa na kuvishwa, lakini mlezi mmoja alihudumia wengi, na vitanda vilikuwa kimya. Nusu ya watoto walipelekwa kwa familia za kambo. Waliopelekwa walipata maendeleo bora ya akili kuliko waliobaki, na walionufaika zaidi ni wale waliopata familia kabla ya kutimiza miaka miwili.

Kilichokosekana kule ni kitu ambacho mama hukifanya bila kufikiri anapomwogesha mtoto kwenye beseni. Mtoto anasema "aa". Mama anajibu, "Eeh? Maji ya baridi?" Mtoto anapiga maji kwa kiganja, mama anacheka na kupiga naye, kisha anangoja. Mtoto anarudia. Katika dakika hizo tano ubongo wa mtoto umejifunza kwamba sauti yake inaleta jibu, kwamba watu hupokezana zamu, na kwamba maji yana jina. Ongea na mtoto kwa lugha unayoimudu vizuri, Kisukuma, Kigiriama au Kiswahili. Kiingereza cha kubahatisha hakimwongezei chochote.

Wezi wa akili

Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo penye hasara kubwa na penye nafuu kubwa.

Mwizi wa kwanza huingia kabla ya kuzaliwa. Mfereji utakaokuwa ubongo na uti wa mgongo hufunga ndani ya siku 28 hivi tangu mimba itungwe, wakati ambao wanawake wengi hawajajua kuwa ni wajawazito. Upungufu wa foliki asidi huongeza hatari ya mtoto kuzaliwa na mgongo wazi. Ndiyo sababu vidonge vya foliki asidi vinafaa kuanzwa kabla ya kubeba mimba, na ndiyo sababu unga hurutubishwa viwandani. Pombe wakati wa ujauzito nayo huudhuru ubongo wa mtoto, na hakuna kiasi kilichothibitishwa kuwa salama, iwe bia, mbege au gongo.

Pili ni upungufu wa madini joto. Bila madini hayo mwili wa mama hautengenezi homoni za kutosha zinazouongoza ubongo wa mtoto kukua. Rovu shingoni ndiyo dalili inayoonekana. Hasara ya akili haionekani, lakini Shirika la Afya Duniani limeitaja miongoni mwa sababu kuu za madhara ya ubongo zinazoweza kuzuilika duniani. Nyanda za juu huathirika zaidi kwa kuwa mvua ya miaka mingi imeyaosha madini hayo kwenye udongo. Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika miaka ya 1980 na 1990, kisha ikaelekea kwenye chumvi iliyowekwa madini hayo. Nunua chumvi yenye nembo ya madini joto, iweke kwenye chombo chenye mfuniko mbali na jua na moshi, na uitie mwishoni mwa mapishi. Hatusemi uongeze chumvi, maana chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu. Badili aina tu.

Tatu ni malaria inayopanda kichwani. Watoto waliotibiwa malaria ya ubongo katika Hospitali ya Mulago, Kampala, walifuatiliwa kwa miaka miwili. Karibu mmoja kati ya wanne alibaki na upungufu katika kumbukumbu, umakini au kufikiri. Walipona, wakarudi darasani, wakaitwa wazito. Mpaka leo wapo wanaoamini kwamba degedege ni la mashetani, na kwamba mtoto wa degedege akichomwa sindano atakufa. Anachokufa nacho ni kuchelewa. Kila saa ya kutafuta mganga ni saa ambayo ubongo unapungukiwa sukari na hewa. Mlaze kwa ubavu, usimtie kitu mdomoni, mkimbize kituo cha afya.

Nne ni risasi, ile metali. Haina harufu, haina kiasi kilicho salama kwa mtoto, na hushusha akili hata pale ambapo mtoto haonekani mgonjwa. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, wanaijua hadithi hii kuliko sisi. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kiliwekwa ukutani mwa makazi yao. Phyllis Omido, aliyekuwa akifanya kazi kiwandani humo, aligundua kuwa mwanawe mchanga alikuwa na sumu ya risasi mwilini, akaanza kupiga kelele. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014, yeye akapewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya. Fidia huweza kulipia mengi, lakini akili iliyopotea hairudishwi na hundi. Usiruhusu betri za gari zipasuliwe wala kuyeyushwa uani kwako, na mtu anayefanya kazi hiyo aoge na kubadili nguo kabla ya kumbeba mtoto.

Upungufu wa damu na minyoo ni wezi wa polepole, na dawa zake ziko kliniki. Kipigo cha kichwani na hofu ya kila siku navyo vimo humu, tena vya shuleni na vya nyumbani. Mtoto anayeishi akingoja kuchapwa hutumia ubongo wake kulinda mwili. Kukokotoa sehemu na desimali kunasubiri.

Kipimo kinapima nini?

Watoto hurithi? Ndiyo, vinasaba vina mchango mkubwa katika tofauti za akili kati ya mtu na mtu, na tafiti za mapacha zimelionyesha hilo mara nyingi. Lakini urithi si hukumu. Mwanasayansi James Flynn alionyesha katika miaka ya 1980 kwamba alama za majaribio ya akili zilikuwa zikipanda kizazi hadi kizazi katika nchi nyingi, karibu pointi tatu kila miaka kumi. Vinasaba vya taifa zima havibadiliki kwa kasi hiyo. Huko Embu, Kenya, watoto wa vijijini waliopimwa mwaka 1998 waliwapita kwa mbali wenzao wa maeneo yale yale waliopimwa mwaka 1984. Watafiti walitaja sababu tatu zilizoelekea kuhusika: wazazi waliojua kusoma zaidi, lishe bora na familia zenye watoto wachache.

Halafu kuna Usenge, magharibi mwa Kenya. Robert Sternberg na wenzake waliwauliza watoto wa miaka 12 hadi 15 kuhusu dawa za mitishamba: ipi ya tumbo, hutumikaje, kiasi gani. Watoto walijua mengi. Ajabu ni kwamba waliofanya vizuri zaidi hapo walielekea kupata alama za chini katika majaribio ya kishule. Si kwamba kujua mitishamba hupumbaza. Familia zilikuwa zimewekeza muda wa watoto katika ujuzi tofauti, na ubongo wa kila mmoja ulikuwa umejenga kilichothaminiwa nyumbani kwake.

Timu hiyo hiyo ilifanya jambo lingine Bagamoyo, na kwetu ndilo la maana kuliko yote kwa mwalimu. Watoto walipewa majaribio. Mojawapo ni lile la mtahini kuwa na kitu kichwani, naye mtoto anakitafuta kwa maswali 20 ya ndiyo au hapana. Asiyefundishwa hubahatisha: "Ni ng'ombe? Ni meza?" Kisha watoto walifundishwa mbinu kwa muda usiofika saa moja. Wakajifunza kuanza na swali linalogawa mambo mengi kwa mara moja: "Kina uhai?" Walipopimwa tena alama zilipanda, na alama hizo za pili ziliashiria uwezo wao katika mambo mengine vizuri kuliko zile za kwanza. Maana yake, tulipompima mtoto mara ya kwanza tulipima kama amewahi kuonyeshwa njia. Mwalimu anayewapanga wanafunzi kwa mtihani mmoja wa muhula wa kwanza afikirie hilo kabla hajawapeleka "wazito" nyuma ya darasa.

Samaki mkavu naye hukunjika

Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi, na kwa macho na lugha walisema kweli. Kwa mengine waliwaonea watu wazima.

Madereva wa teksi nyeusi za London hulazimika kukariri mitaa ipatayo 25,000 kabla ya kupewa leseni. Mwaka 2000 Eleanor Maguire alionyesha kwamba sehemu ya ubongo wao inayoshughulikia ramani na kumbukumbu, hipokampasi, ilikuwa kubwa zaidi upande wa nyuma. Wenye shaka walisema labda wenye hipokampasi kubwa ndio wanaovutiwa na kazi hiyo. Basi yeye na Katherine Woollett waliwafuata wanafunzi 79 tangu mwanzo wa masomo. Waliofaulu, 39, sehemu hiyo ilikuwa imekua, walioshindwa haikubadilika. Tena haikuwa bure, kwani madereva hao waliwahi kuonekana dhaifu katika aina nyingine za kumbukumbu. Ubongo ukipanua chumba kimoja unaweza kupunguza kingine.

Kusoma nako hubadilisha ubongo, hata ukianza ukubwani. Stanislas Dehaene na wenzake walichapisha mwaka 2010 utafiti wa watu wazima wa Brazili na Ureno, wakiwemo waliojifunza kusoma wakiwa wakubwa. Sehemu ya kushoto nyuma ya ubongo inayotambua maandishi ilikuwa imeamka kwao pia. Wale akina mama na akina baba walioshika chaki baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima hawakuwa wakijaza daftari tu.

Kwa mgonjwa wa kiharusi unyumbufu ndio tumaini lenyewe. Mkono uliopooza kiasi husahaulika kwa kuwa ule mzima unafanya kila kitu. Edward Taub wa Alabama alibuni tiba ya kuufunga mkono mzima. Katika jaribio la wagonjwa 222 lililotolewa mwaka 2006, waliopewa tiba hiyo walivaa glavu nene kwenye mkono mzima karibu muda wote wa kuwa macho kwa wiki mbili, wakafanya mazoezi kwa ule dhaifu: kuokota maharage, kugeuza karata, kuinua kikombe. Waliboreka kuliko waliopata huduma ya kawaida. Inachosha, na kikombe huanguka mara nyingi. Ndugu wa mgonjwa, kwa upendo, humlisha na kumvalisha kila kitu. Mwacheni ajaribu, kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Na uso wa mtu ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakivurugika, hospitali saa hiyo hiyo, bila kusubiri kesho.

Vinavyouzwa

Kwamba tunatumia 10% tu ya ubongo si kweli. Hakuna sehemu iliyokaa bila kazi. Muziki wa Mozart ulisemwa huongeza akili kutokana na jaribio la mwaka 1993 lililofanywa kwa wanafunzi wa chuo, si watoto, na faida iliyoonekana ilidumu dakika chache. Hiyo haikumzuia gavana wa jimbo la Georgia, Marekani, kutaka kila mtoto anayezaliwa apewe kanda ya muziki huo. Michezo ya kompyuta ya "kunoa ubongo" ilijaribiwa mwaka 2010 na watu zaidi ya 11,000 kwa ushirikiano na BBC: baada ya wiki sita walikuwa hodari wa michezo ile ile waliyoicheza, basi. Dawa za maji zenye picha ya mtoto mwenye miwani hazimsaidii mtoto anayekula vizuri. Fedha hiyo inunue mayai, dagaa na mboga.

Usingizi hauuzwi, labda ndiyo maana hautangazwi. Usiku ubongo hupitia tena ya mchana na kuyatia kwenye kumbukumbu ya kudumu. Mtoto wa shule ya msingi anahitaji saa 9 hadi 12, kijana saa 8 hadi 10. Shule za bweni zinazowaamsha wanafunzi saa kumi alfajiri kwenda prepu zinawanyima kile kile zinachodai kuwapa.

Lini uende kliniki

Watoto hawaendi kwa mwendo mmoja, na kuchelewa kidogo si ugonjwa. Hata hivyo mpeleke mtoto asiyetabasamu kwa watu afikapo miezi mitatu, asiyegeukia sauti au kukaa mwenyewe afikapo miezi tisa, asiyetembea wala kusema neno lolote afikapo mwaka mmoja na nusu, au asiyeunganisha maneno mawili afikapo miaka miwili. Anayepoteza kitu alichokuwa akikiweza, kwa umri wowote, asisubiri tarehe ya kliniki. Ukifika, usiseme tu kwamba mtoto "anachelewa". Eleza anachofanya na asichofanya, ujauzito na uzazi ulivyokuwa, homa kali au degedege alizowahi kupata. Beba kadi yake ya kliniki, na kama simu yako inapiga video, mrekodi akicheza nyumbani, kwa sababu mbele ya mtu mwenye koti jeupe watoto wengi hugoma kufanya lolote.